Mhariri, watu waachwe wayapige picha majengo yao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua barua yenyewe ni ndefu lakini nakuomba usiikate sana. Nataka kuongelea haya majengo makubwa ya miji mikuu, mabunge, ikulu, makanisa makuu, misikiti, minara, kumbi za mikutano, na sisi watu wa kawaida tunaoenda kuyatazama na kuyapiga picha. Kila mji mkuu duniani una jengo ambalo nchi imelijenga makusudi lionekane, wametafuta msanifu mwenye jina, wamemwaga marumaru, wameacha uwanja mpana mbele ili mtu alione toka mbali, alafu siku mtu anasimama kwenye uwanja huo huo na simu yake anatokea mlinzi, we, we, hairuhusiwi, futa hiyo picha. Ukiuliza imeandikwa wapi hakuna kibao. Ukiuliza kwa nini unaambiwa usalama, na ukiendelea kuuliza unageuka wewe ndio tatizo. Nimeona wazazi waliokuja na watoto wao kuwaonyesha jengo la nchi wanafukuzwa kama wamekuja kuiba, na inaniuma kila nikikumbuka.

Mimi nasema hivi, jengo la umma watu waachwe walitembelee na walipige picha, na kama kuna sehemu haifai basi iandikwe getini kwa herufi kubwa, mtu ajue kabla hajatoa kamera mfukoni.

Chukua Berlin. Jengo la bunge la pale, Reichstag, lilijengwa kati ya 1884 na 1894, msanifu wake Paul Wallot, na juu ya nguzo za mbele kuna maandishi yaliyowekwa 1916 yanayosema jengo ni kwa ajili ya watu wa Ujerumani. Likaungua 1933, likapigwa vibaya sana kwenye vita, wanajeshi wa Kisovieti walipoingia 1945 wakaandika majina yao ukutani. Sasa Wajerumani walipoamua bunge lirudi pale wakamuita msanifu Norman Foster toka Uingereza akaweka kuba la vioo juu, likafunguliwa 1999, na ndani ya hilo kuba kuna njia inayopanda ikizunguka mpaka karibu na kileleni, wewe unatembea na chini yako kabisa ndio ukumbi wa wabunge, yani mwananchi yuko juu na mbunge yuko chini, na walifanya hivyo makusudi. Kuingia ni bure. Unajiandikisha kabla, unakuja na kitambulisho, unakaguliwa kama airport, ukishafika juu piga picha mpaka uchoke. Na yale maandishi ya wanajeshi hawakuyafuta yote, mengine wameyaacha mgeni ayaone. Hili ni jengo lililowahi kuchomwa moto kweli kweli, kama kuna watu wana haki ya kuogopa wageni ni wao, lakini wamepanga utaratibu na mambo yanaenda.

Na sisemi kila chumba kiachwe wazi. London kwenye jengo lao la bunge sehemu nyingi za ndani hupigi picha na hakuna anayelalamika kwa sababu wameshakwambia mapema, lakini Westminster Hall wanakuruhusu, na ule ndio ukumbi wenyewe sasa, ulijengwa 1097, paa lake la mbao za mwaloni liliwekwa wakati wa mfalme Richard wa Pili miaka ya 1390, na ulipona moto wa 1834 ulioteketeza karibu jengo lote, hili tunaloliona leo, lililosanifiwa na Charles Barry na Augustus Pugin, lilikuja baada ya huo moto. Budapest nako hivyo hivyo, bungeni unapiga picha ngazi na kumbi, ukifika chini ya kuba ambapo wameweka taji lao la kale unaambiwa kamera chini, unaweka chini, unatazama kwa macho, unaendelea mbele. Hakuna kelele wala kunyang'anyana simu. Kanuni ikiwa inajulikana watu wanaifuata, wanachokichukia ni kanuni inayotoka kwenye kichwa cha mlinzi wa zamu na kesho kwa mlinzi mwingine imebadilika.

Hoja ya usalama naiheshimu, walinzi wana kazi ngumu. Ila tufikirie pamoja, sura ya mbele ya bunge au ya ikulu iko kwenye stempu, iko kwenye noti za nchi nyingi, iko kwenye postikadi, iko kwenye picha za setilaiti ambazo mtu yeyote mwenye intaneti anazifungua akiwa kitandani. Mama aliyesimama barabarani na simu anaongeza hatari gani? Mlinzi mzuri anaangalia mwenendo wa mtu, anayezungukia milango ya nyuma, anayepiga picha kamera za ulinzi na mageti ya magari, huyo aulizwe. Droni pia sawa zizuiwe, Washington na Paris huwezi kurusha droni hivi hivi na sababu yake inaeleweka. Lakini mtu aliyesimama mbele, mchana kweupe, anatabasamu na familia yake, mwacheni.

Sasa nije kwenye jambo kubwa zaidi, ambalo naona wengi hawalifikirii. Picha za majengo sio mapambo tu. Ni akiba ya mji.

Warsaw ilibomolewa na Wajerumani, baada ya watu kuinuka 1944 wakaja wanalipua mtaa kwa mtaa, ngome ya kifalme wakailipua nayo, vita inaisha sehemu kubwa sana ya mji ni vifusi. Wapoland wakaamua kuujenga mji wao wa kale upya kama ulivyokuwa. Wakaujenga kwa kutazama nini? Kwa kutazama michoro ya mchoraji Bernardo Bellotto ambaye miaka ya 1770 alichora mitaa ya Warsaw kwa ajili ya mfalme, dirisha kwa dirisha, na kwa kutazama vipimo na ramani ambazo walimu na wanafunzi wa usanifu walizichora na kuzificha wasije kukamatwa nazo. Ngome yenyewe ilianza kujengwa tena 1971 wakaimaliza 1984. Mwaka 1980 UNESCO wakauingiza mji huo wa kale kwenye urithi wa dunia, mji ambao kuta zake nyingi zina umri mdogo kuliko bibi yangu. Bila mtu aliyekaa mtaani miaka 170 kabla akachora anachokiona, wangeanzia wapi?

Paris tumeona wenyewe kwenye televisheni, tarehe 15 Aprili 2019 Notre-Dame inaungua, mnara mwembamba wa juu unaanguka watu wanalia barabarani. Miaka michache nyuma kulikuwa na profesa Mmarekani, Andrew Tallon, mwanahistoria wa sanaa, alikuwa amelipima lile kanisa lote kwa leza, nukta zaidi ya bilioni moja, na kuunganisha na picha. Yeye mwenyewe alifariki 2018 hakuuona moto, lakini vipimo vyake vikawa miongoni mwa vitu mafundi walivyovitegemea, na Desemba 2024 kanisa likafunguliwa tena. Kila nikilifikiria hili nasisimka. Mtu anafanya kazi kwa kupenda tu jengo, hajui kuna moto unakuja.

Na pale ambapo jengo halikurudi? Port-au-Prince, Haiti, ile ikulu nyeupe yenye makuba matatu, tetemeko la tarehe 12 Januari 2010 likaiangusha kuba la katikati likazama ndani, mabaki yakabomolewa 2012. Mtoto wa Haiti aliyezaliwa baada ya hapo ikulu ile anaijua kwa picha tu. Copenhagen 2024, tarehe 16 Aprili, jengo la soko la hisa la zamani, Børsen, la miaka ya 1600, linaungua na ule mnara wake wa mikia ya dragoni iliyosokotana unaanguka, watu wanakimbia na michoro mikononi kuitoa nje. Moto haupigi hodi, tetemeko nalo halitoi tangazo. Kwa hiyo kila anayepiga picha nzuri ya jengo la mji wake leo anaweka kitu ambacho mji unaweza kuja kukihitaji siku ambayo hakuna anayeijua, na ndio maana nakereka sana ninaposikia futa hiyo picha.

Nikishasema hayo ya walinzi niseme na sisi wageni wenyewe, maana na sisi tuna letu. Unakuta mtu amesafiri mbali amefika mbele ya jengo lenye historia ya miaka mia, anageuka analipa mgongo, anapiga selfi, anaangalia kama uso umetoka vizuri, anaondoka. Hajui nani alijenga, hajaingia ndani, hajazunguka nyuma. Selfi sio dhambi, piga, mama nyumbani naye anataka kuona mwanae amefika. Ila ukimaliza geuka ulitazame jengo.

Kwa sababu majengo haya yanasema ukiyatazama. Washington kuna ule mnara mrefu wa kumbukumbu ya George Washington, mita 169. Ukitulia unaona chini una rangi moja na kuanzia kama mita 46 kwenda juu una rangi nyingine kidogo. Wengi wanadhani ni uchafu au kivuli. Kumbe ujenzi ulianza 1848, 1854 hela zikaisha ukasimama, ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe, mnara ukakaa kipande miaka yote hiyo, waliporudi kazini 1879 marumaru wakaitoa machimbo mengine na rangi haikulingana, wakamaliza 1884. Yani ule mstari ni shida za nchi nzima zimeandikwa kwenye jiwe, na uko kwenye kila picha iliyopigwa pale, hata ya yule asiyeuona. Au Budapest, kuba la bunge lina urefu wa mita 96 na kanisa kuu la Mtakatifu Stefano nalo mita 96, sio bahati, Wahungari wanahesabu kuwa mababu zao waliingia nchini mwaka 896, wakataka bunge na kanisa visizidiane. Msanifu wake Imre Steindl alifariki 1902, jengo lilikamilika 1904.

Na ndani, jamani, muingie ndani. Rome kuna Pantheon, hekalu la kale la Warumi, imesimama tangu karibu mwaka 126, ukiwa nje unaona nguzo na ukuta mzito wa kawaida, ukiingia unakuta kuba la zege lisilo na nondo hata moja, upana mita 43 na urefu toka sakafuni mita 43, mpaka leo hakuna lililolizidi kwa aina yake, na katikati juu kuna tundu wazi kabisa halina kioo. Jua linaingia hapo linakuwa duara la mwanga linalotembea ukutani kadri saa zinavyoenda, mvua nayo inaingia, sakafu ina mteremko mdogo na vitundu vya kutolea maji. Ukienda saa nne asubuhi na ukienda saa nane mchana umeona majengo mawili tofauti. Brasília nako, kanisa kuu alilolisanifu Oscar Niemeyer, nguzo 16 zimejikunja kama mikono imeinuliwa, ukiwa nje unaliona dogo, unashuka kwenye njia yenye giza kisha unatokea ndani kwenye mwanga mwingi wa vioo maana sakafu iko chini ya ardhi. Picha ya nje haiwezi kukwambia hilo hata ikipigwa na bingwa. Na Addis Ababa pale Africa Hall, jengo la 1961, humo ndimo viongozi walikoanzisha Umoja wa Nchi Huru za Afrika tarehe 25 Mei 1963, ndani kuna kazi ya vioo vya rangi ya msanii Afewerk Tekle yenye ukubwa wa kama mita za mraba 150, Afrika ya jana na ya leo na ya kesho, ni moja ya kazi nzuri kabisa za bara hili na naona haipigiwi picha inavyostahili.

Kuhusu kupiga zenyewe niseme kidogo maana huwa naulizwa. Kosa linaloharibu picha nyingi za majengo ni kusimama karibu mno na kuinua simu juu, hapo kuta zote zinaonekana zinaanguka kwa nyuma na mnara unakuwa mwembamba juu kama sindano. Rudi nyuma, vuka barabara ikibidi, shika simu wima sawasawa usiiinamishe, ile ardhi nyingi itakayotokea chini utaikata baadae. Wenye kamera kuna lenzi maalumu zinazonyoosha mistari lakini ni za bei, na programu nyingi za simu siku hizi zinanyoosha vizuri tu. Ile lenzi pana ya simu usiikimbilie, inavimbisha pembeni. Alafu jua jengo limeelekea wapi. Ukumbi wa Lincoln kule Washington umeangalia mashariki, kwa hiyo asubuhi mapema jua linaupiga usoni na lile bwawa refu la mbele linakuwa limetulia, wakati Capitol, jengo lao la bunge, ule upande unaoangalia uwanja mkubwa ni wa magharibi, huo subiri jioni. Mtu anayekwenda saa sita mchana juu ya utosi anapata jengo limepauka halina vivuli, alafu analaumu simu. Na zile dakika baada ya jua kuzama, anga bado ina bluu na taa za jengo zimeshawashwa, usiondoke, wenzako wote watakuwa wameondoka na hapo ndio picha inakuja. Dhaka, bunge la Bangladesh alilolisanifu Louis Kahn, limezungukwa na maji, zege lenye mistari ya marumaru na matundu makubwa ya duara na pembetatu, jioni linasimama mara mbili, juu na kwenye maji. Kahn alifariki 1974, jengo likakamilika 1982.

Weka na mtu kwenye picha. Asiwe amejipanga, apite tu, maana jengo kubwa bila mtu huwezi kujua ukubwa wake.

Kuna jingine ambalo nalisema kwa uzito. Uzuri wa jengo usitufanye tusiulize limegharimu nani. Bucharest lile jumba la bunge, lililoanzwa 1984 enzi za Ceaușescu, dikteta wa Romania, msanifu wake mkuu mwanamke kijana Anca Petrescu, ni moja ya majengo makubwa kabisa ya utawala duniani, urefu mita 84 juu na kuna mengi chini ya ardhi. Ili lisimame walibomoa mitaa mizima ya mji wa zamani, watu wakahamishwa, makanisa kadhaa yakasogezwa mazima mazima juu ya reli kuyanusuru. Leo unaingia na kitambulisho na tiketi unatembezwa sehemu ndogo tu ya vyumba vyake. Nenda, piga picha, ngazi zake na taa zake zinastahili, lakini ukituma kwa watu waambie na hiyo mitaa.

Halafu sheria ya hakimiliki, hii wengi haijawafikia. Kupiga picha kwa ajili yako na kuiuza ni mambo mawili. Mnara wa Eiffel wenyewe, wa 1889, haki za msanifu ziliisha zamani, picha ya mchana fanya unavyotaka, lakini taa zake za usiku zinahesabiwa kuwa kazi ya sanaa yenye mwenyewe, kwa hiyo picha ya usiku ukitaka kuitumia kibiashara unaomba ruhusa na kulipa, ya albamu yako hakuna atakayekugusa. Brussels ile Atomium ya 1958, jengo lenye umbo la mipira mikubwa iliyounganishwa, ilikuwa na masharti makali miaka mingi mpaka Ubelgiji ilipobadilisha sheria 2016. Ujerumani na Uingereza wao jengo lililo barabarani wanaruhusu hata kwa biashara. Vijana wetu wanaouza picha mtandaoni wasome kwanza sheria ya nchi husika.

Na kwenye nyumba za ibada tuwe na adabu. Vaa vizuri, vua viatu panapotakiwa, zima flashi, mtu anayesali sio sehemu ya mandhari. Hapo mlinzi akikukataza ana haki na mimi niko upande wake.

Sasa Mhariri, nina maombi, na nakuomba uyachukulie kwa uzito. Kwa wanaosimamia majengo ya umma, wekeni kibao getini, wapi ruhusa, wapi hapana, tripodi inataka kibali au haitaki, na muwape walinzi kanuni hiyo hiyo waliyoisoma wageni, na msimlazimishe mtu kufuta picha kama hakuna sheria inayosema hivyo. Fungueni hata siku moja kwa mwezi watu waingie ndani. Na kwa gazeti lako, kila mkichapa picha ya jengo naona chini mnaandika jina la jengo na jina la waziri aliyepita hapo, muongeze na mwaka lilipojengwa na nani alilisanifu, ni mstari mmoja tu hauli nafasi. Tena mngetoa kona ndogo wasomaji watume picha za majengo makubwa waliyoyatembelea na maelezo mafupi, mimi ya kwanza ninayo tayari, ni ule mstari wa rangi mbili kwenye mnara wa Washington, nitawaletea mkisema ndio.

Wako msomaji wa siku nyingi.